Imekwama wapi? Swali la kuuliza kabla ya kufomati

Leo sitaandika juu ya simu mpya wala programu mpya. Nataka tuongee juu ya laptopu inayokataa kuwaka, na juu ya neno moja ambalo kwa maoni yangu limekula kazi za watu wengi katika nchi hii: kufomati.

Mnajua inavyokuwa. Laptopu imekataa. Mwenyewe anaibeba mpaka mjini, Luthuli Avenue au River Road kama yuko Nairobi, au kwa yule kijana wa saiba kama yuko mashinani. Fundi anabonyeza kitufe, anaangalia sekunde kumi, anatikisa kichwa na kusema, "Hii inataka Windows mpya." Bei inatajwa, mnaelewana, unaambiwa urudi jioni. Jioni laptopu inawaka vizuri kabisa, inang'aa kama siku ya kwanza. Ila tasnifu ya chuo haipo, picha za harusi hazipo, na hesabu za chama ambazo mweka hazina ameziandika kwa miaka mitatu hazipo. Ukiuliza unajibiwa, "Si ulisema unataka iwake?"

Maoni yangu ni haya, na nayasema mapema. Kufomati si tiba ya laptopu isiyowaka. Ni hatua ya mwisho, tena kwa aina moja tu ya ugonjwa kati ya kadhaa. Kabla ya hapo kuna swali ambalo lazima liulizwe na lijibiwe: imekwama wapi? Fundi ambaye hawezi kulijibu hajui anatibu nini, hata kama laptopu itawaka baada ya kazi yake.

"Haiwaki" ni magonjwa matano

Tatizo letu linaanza na lugha. Tunasema "haiwaki" tukimaanisha mambo matano tofauti, halafu tunashangaa fundi akitoa dawa moja.

Kuwaka kwa tarakilishi ni kama mbio za kupokezana kijiti. Mkimbiaji wa kwanza ni umeme: unatoka ukutani, unapita kwenye chaja na betri, unafika kwenye ubao mkuu, ule mafundi huuita mazabodi. Wa pili ni programu ndogo iliyo ndani ya chipu kwenye ubao huo, BIOS kwa laptopu za zamani na UEFI kwa za siku hizi. Huyu anakagua kumbukumbu ya muda, yaani RAM, skrini na kibodi. Wa tatu ni diski: BIOS inaitafuta na kusoma sehemu yake ya kuanzia. Wa nne ni Windows yenyewe, inayopakia kiini chake na draiva zake. Wa tano ni akaunti yako: unaandika neno la siri na vile vijiprogramu vyako vyote vinaamka.

Sasa angalia. Windows inapokea kijiti katika hatua ya nne. Kama kilianguka katika hatua ya kwanza, ya pili au ya tatu, Windows haikuwa imeingia uwanjani. Unaifomati kwa kosa gani?

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Programu ikianguka kwa mteja, hatufuti kila kitu na kuanza kuandika upya. Tunasoma ujumbe wa kosa. Kisha tunakata tatizo katikati: nusu hii inafanya kazi? Basi shida iko nusu ile. Tunakata tena, na tena, mpaka imebaki sehemu ndogo ambayo mtu anaweza kuiangalia kwa macho. Wanaotumia Git wanajua kuna amri ya bisect ambayo imewekwa kwa kazi hiyo tu. Laptopu isiyowaka inataka akili hiyohiyo, na wala huhitaji kuwa mwandishi wa programu kuitumia. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: hakuna taa, hakuna feni

Unabonyeza kitufe, kimya. Hapa mshukiwa ni umeme. Stima ya Kenya ni volti 240, chaja inaishusha mpaka volti 19 au 20 hivi. Stima ikipotea halafu irudi kwa kishindo, aghalabu chaja ndiyo hupigwa kwanza. Basi anza na soketi nyingine. Kisha azima chaja ya mwenzako yenye volti sawa na plagi sawa. Kama laptopu yako inachaji kwa USB-C, usiipime kwa chaja ya simu: chaja ya wati 18 huenda isiiamshe laptopu inayotaka wati 65, nawe ukadhani imekufa.

Ikikataa, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Umeme uliosalia kwenye saketi utaisha. Rudisha chaja, jaribu tena. Dawa hii haina gharama, na imeamsha laptopu nyingi zilizokuwa njiani kwenda kwa fundi.

Hatua ya pili: taa zipo, skrini nyeusi

Feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini giza. Chukua tochi ya simu, imulike skrini kwa upande. Ukiona picha hafifu kwa ndani, laptopu imewaka salama na kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya skrini. Au iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, tatizo ni skrini au waya wake. Windows haina habari.

Kama televisheni nayo ni giza, angalia taa na usikilize milio. Watengenezaji hawakuweka milio hiyo kwa mapambo. Laptopu nyingi za Dell huwasha taa ya betri rangi ya chungwa kisha nyeupe, na hesabu yake ina maana: katika Latitude nyingi, chungwa mara 2 na nyeupe mara 3 ni kusema RAM haionekani. HP nyingi hupepesa taa ya Caps Lock. Hesabu, andika kwenye karatasi, kisha tafuta maana yake kwa jina la laptopu yako. Mara nyingi jibu ni RAM iliyolegea, na dawa ni kuichomoa na kuirudisha ikae sawasawa. Wenzetu wa Mombasa na Lamu wanaijua zaidi shida hii, maana hewa ya chumvi haina urafiki na vyuma vidogo vya kuunganishia.

Hatua ya tatu: "No bootable device"

Hapa laptopu inazungumza, tena kwa maandishi, na bado watu hawaisomi. Inasema haikupata kifaa cha kuanzia. Kwanza kabisa, je, kuna flashi uliyoisahau pembeni? Ichomoe uwashe tena. Usicheke, hii hutokea kila siku.

Kisha ingia kwenye BIOS. Laptopu nyingi za Dell na Acer ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1, unabonyeza mara tu baada ya kuwasha. Tafuta jina la diski. Kama halipo, ama imelegea ama imekufa, na hakuna awezaye kufomati diski ambayo laptopu yenyewe haiioni. Kama jina lipo, angalia orodha ya vifaa vya kuanzia: ni kipi kimewekwa juu?

Kuna kisa kimoja hapa ambacho ningependa kila mnunuzi wa laptopu ya mtumba akijue. Laptopu nyingi zilizokaa miaka ofisini huko Ulaya kabla ya kuletwa huku zina betri ndogo ya duara ya volti 3, aina ya CR2032, ambayo kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya BIOS. Betri hiyo ikiisha, saa inarudi miaka nyuma na mipangilio inaweza kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Mmoja wa mipangilio hiyo ni jinsi diski inavyosomwa, kama ni AHCI au RAID. Windows iliyowekwa kwa AHCI ikiamka na kukuta RAID, haiioni diski yake. Inaanguka na msimbo INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Tiba ni kurudisha mpangilio huo kwa dakika moja na kununua betri mpya ya bei ndogo. Lakini ukiifomati, Windows mpya itawekwa kwa mpangilio wa RAID, itawaka, na wote mtaamini kwamba Windows ya zamani ilikuwa imeoza. Faili zimepotea kwa sababu ya betri inayofanana na ya saa ya mkononi!

Hatua ya nne: nembo inatokea halafu inaanguka

Sasa ndiyo tumefika kwa Windows. Nembo inatokea, vidoti vinazunguka, kisha inajizima na kuanza upya, au inatoa ile skrini ya buluu, ambayo katika Windows 11 imegeuzwa nyeusi tangu 2025. Piga picha ya skrini hiyo kwa simu. Msimbo ulioandikwa pale ndio ushahidi.

Windows ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, yenyewe hufungua ukurasa wa marekebisho. Isipofungua, unaweza kuilazimisha kwa kuizima kwa kitufe nembo inapotokea, mara tatu. Ndani yake kuna mlango uitwao Troubleshoot, na nyuma ya mlango huo kuna dawa zilizopangwa kuanzia nyepesi mpaka kali. Startup Repair hujaribu kurekebisha faili za kuanzia. Uninstall Updates huondoa sasisho la mwisho. System Restore huirudisha mipangilio ya siku za nyuma bila kugusa nyaraka zako. Safe Mode huiwasha Windows ikiwa na draiva chache tu, ikiwaka hivyo unajua mkosaji ni draiva au programu iliyoongezwa. Na mwisho kabisa Reset this PC ina chaguo la kubakisha faili zako: programu zinaondoka, nyaraka zinabaki. Yote hayo yamo ndani ya laptopu uliyonayo, hakuna cha kununua.

Onyo moja hapa. Kama diski inagonga-gonga au inasoma polepole mno, usianze kuirekebisha kwa chkdsk. Diski inayokufa ina pumzi chache, usizitumie kwa ukaguzi. Nakili faili kwanza.

Hatua ya tano: umeingia, lakini hakuna kitu

Umeandika neno la siri, na sasa kuna giza na mshale tu. Hapa laptopu imewaka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue orodha ya kazi, uanzishe explorer.exe mwenyewe. Ikitokea skrini ya kawaida, angalia programu zinazojiwasha zenyewe na nafasi iliyobaki kwenye diski. Kufomati kwa sababu hii ni kama kubomoa nyumba kwa kuwa kitasa cha chumba cha kulala kimekwama.

Mashine milioni 8.5 hazikufomatiwa

Kama bado unadhani haya ni maneno ya mtu mwenye muda mwingi, kumbuka tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Nairobi, kampuni ya usalama wa tarakilishi ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa wateja wake duniani. Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Zilikuwa zikiwaka, zinaanguka, zinawaka tena, zinaanguka. Hospitali, benki na viwanja vya ndege vilikwama. Shirika la ndege la Delta la Marekani peke yake lilifuta safari karibu 7,000 katika siku tano.

Kwa macho ya fundi wetu wa sekunde kumi, hizo zote zilikuwa "zinataka Windows mpya". Lakini waliouliza imekwama wapi walipata jibu: hatua ya nne, kwenye draiva ya CrowdStrike, inaposoma faili moja. Tiba ilikuwa kuingia Safe Mode, kufungua folda moja na kufuta faili ambayo jina lake linaanza na C-00000291. Faili moja! Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu mashine zilikuwa nyingi na kila moja ilitaka mkono wa mtu, lakini data ya wenyewe ilibaki palepale.

Kama dawa hiyo ilitosha kwa mashine za benki na hospitali, kwa nini laptopu ya mwanafunzi wa Maseno au ya mwenye duka Gikomba istahili kidogo?

Tabia ya zamani, hasara mpya

Najua tabia hii ilitoka wapi. Enzi za Windows XP, iliyotoka 2001, virusi vya flashi vilikuwa vimejaa kila saiba, vifaa vya kurekebisha vilikuwa vichache, na kuweka Windows upya kwa CD kulikuwa kweli njia fupi. Tena wakati huo kosa lilikuwa na msamaha. Diski za kuzunguka zikifomatiwa kwa haraka, kinachofutwa ni orodha ya faili, faili zenyewe zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mtu alikuwa anaweza kuzitafuta kwa programu ya kuokolea na kupata nyingi.

Siku hizi msamaha huo umeondolewa, na wengi hawajaambiwa. Laptopu za sasa zina SSD. Tangu Windows 7 ya 2009, Windows huwa inaiambia SSD ni sehemu zipi hazina kazi tena, kwa amri iitwayo TRIM, na SSD inazisafisha yenyewe kimyakimya. Ukiifomati, unaiambia diski nzima haina kazi. Baada ya muda mfupi programu ya kuokolea inasoma sifuri tupu. Hakuna fundi wa mtaani wala wa ng'ambo atakayekurudishia.

La pili ni usimbaji. Laptopu nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na tangu toleo la 24H2 la 2024 laptopu zinazofungwa hivyo zimeongezeka. Ukibadilisha ubao mkuu, au wakati mwingine hata mpangilio wa BIOS, laptopu itauliza ufunguo wa tarakimu 48. Fundi asiyejua atasema "imefungwa, tufomati". La hasha! Ufunguo uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumiwa siku laptopu ilipofunguliwa, na unaweza kuusoma kwa simu yako. Lakini angalia mtego huu: kama dukani ndiko walikoifungua laptopu kwa akaunti yao ili "wakusaidie", ufunguo wa data yako uko kwa muuzaji. Angalia leo, kabla ya siku ya shida, uuandike kwenye karatasi na uifungie pamoja na kitambulisho na hati zako.

Kwa ufupi, haja ya kufomati imepungua kwa sababu Windows ina vifaa vyake vya kujirekebisha. Hasara ya kufomati imeongezeka kwa sababu ya SSD na usimbaji. Tabia pekee ndiyo imebaki pale ilipokuwa.

Mafundi si wezi, sisi tunalipa vibaya

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na mafundi. Wapo mafundi mjini wanaoweza kubadilisha chipu kwenye ubao mkuu wakiwa na darubini na hewa ya moto, kazi ambayo mimi na shahada yangu siwezi. Shida ni vile tunavyowalipa. Tunalipa kwa "kupiga Windows", bei inayojulikana, kazi ya saa moja au mbili. Uchunguzi hatuulipi. Fundi akikaa saa tatu kutafuta chanzo, akakuta ni mpangilio mmoja wa BIOS, mteja atasema, "Kubonyeza tu unataka elfu moja?" Basi naye hujifunza. Anafanya kazi inayoonekana.

Kwa hiyo lawama ni yetu pia. Tukitaka uchunguzi, tuulipie. Daktari tunamlipa ada ya kumwona kabla ya dawa, na hatumwambii aturudishie pesa akigundua ni mafua tu.

Na kuna hoja moja ya mafundi ambayo naikubali. Zipo siku ambazo kufomati ndiko sawa: Windows imeharibiwa na virusi mpaka haiaminiki, au laptopu inauzwa kwa mtu mwingine, au dawa zote za hatua ya nne zimejaribiwa. Sawa. Lakini hata siku hiyo, faili zinatoka kwanza. Flashi ya GB 8 yenye Linux Mint inaweza kuiwasha laptopu bila kugusa Windows, faili zikanakiliwa kwenye diski ya nje, na kama kuna BitLocker itaulizwa ufunguo uleule wa tarakimu 48. Ikishindikana, SSD au diski inachomolewa na kusomwa kwenye tarakilishi nyingine kwa kifuko cha USB. Fundi anayesema haiwezekani hajajaribu.

Semeni hivi dukani

Ndugu msomaji, ukifika kwa fundi usiseme "haiwaki". Sema ilipokwama: "Taa zinawaka, skrini giza, televisheni pia giza," au "Nembo inatokea halafu inaanguka, huu hapa msimbo kwenye picha." Umeshaikata kazi yake nusu.

Pili, sema kuhusu data kabla ya bei. "Ndani kuna kazi yangu. Usifute chochote bila kunipigia. Ukihitaji kufuta, nakili kwanza, nitalipia kunakili." Mwambie aandike hivyo kwenye risiti. Risiti ina nguvu ambayo maneno ya mdomo hayana.

Tatu, laptopu ikirudi imewaka, uliza ilikuwa nini. Jibu la "ilikuwa imechoka" si jibu. Kama chanzo hakijulikani, hesabu kwamba kitarudi, na wewe utarudi nacho.

Nne, na hili halimhusu fundi: SSD inaweza kufa asubuhi moja bila kugonga wala kulia, na siku hiyo makala yangu yote hayatakusaidia. Nakala ya pili ndiyo itakayokusaidia. Tasnifu jitumie kwa barua pepe kila Ijumaa. Hesabu za chama ziwe mahali pawili. Msisubiri Juni, wakati kila mtu anakimbizana na ritani za KRA za tarehe 30, ndipo mgundue risiti za mwaka mzima zilikuwa kwenye laptopu moja.

Windows inapatikana kwenye tovuti ya Microsoft, unaipakua wakati wowote na kuiweka tena mara kumi ukitaka. Hesabu za chama chako hazipo kwenye tovuti ya mtu yeyote. Sasa niambieni, kati ya vitu hivyo viwili, ni kipi tunapaswa kukigusa mwisho?

Kwa leo naachia hapo. Mkiwa na laptopu iliyokwama, anzeni kwa kuuliza imekwama wapi.